Fataki za nyumbani (Uingereza)

Makala hii inahusu fataki zinazowashwa na watu wa kawaida nyuma ya nyumba zao nchini Uingereza. Haihusu maana ya mtaani ya neno "fataki" nchini Tanzania, yaani mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule.

Fataki za nyumbani ni fataki ndogo na za wastani ambazo sheria za Uingereza zinamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kuzinunua dukani na kuziwasha mwenyewe kwenye eneo lake binafsi. Hahitaji mafunzo, na isipokuwa katika Ireland Kaskazini hahitaji leseni. Huwashwa hasa tarehe 5 Novemba, unaojulikana kama Usiku wa Guy Fawkes, na pia wakati wa Diwali, mkesha wa Mwaka Mpya na Mwaka Mpya wa Kichina.

Katika maonyesho ya hadhara mafundi hurusha fataki uwanjani, nao watazamaji husimama mbali nyuma ya kamba. Nyumbani mwashaji ni baba, mama au mjomba, na uwanja wenyewe ni mita chache za nyasi zilizozungushiwa uzio, jirani huku na jirani kule. Kinachomlinda mtu dhidi ya fataki ni umbali kuliko kitu kingine chochote, na umbali ndicho kitu kilicho haba katika bustani nyingi za Kiingereza. Sehemu kubwa ya kanuni zinazoelezwa hapa chini imetokana na tatizo hilo.

Jina

Kwa Kiswahili fataki huitwa pia fashifashi. Wengine husema baruti tu, ingawa baruti kwa usahihi ni ule unga unaoungua ndani yake. Neno "bustani" lisimpotoshe msomaji. Waingereza huita bustani eneo lolote la wazi lililoambatana na nyumba, hata kama lina nyasi, kamba ya kuanikia nguo na kibanda cha vifaa tu. Kwa Mswahili huo ni uani.

Historia

Desturi hii ilianza na njama ya mwaka 1605. Kundi la Wakatoliki wakiongozwa na Robert Catesby lilipanga kulipua jengo la Bunge mjini London siku ya ufunguzi wake ili kumwua mfalme James I. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba mmoja wao, Guy Fawkes, alikamatwa katika ghala chini ya Jumba la Malordi, penye mapipa 36 ya baruti. Bunge lilipitisha sheria iliyoagiza ibada ya shukrani kila mwaka siku hiyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1859, lakini kufikia wakati huo watu walikuwa wameshazoea kukoka mioto mikubwa, kuchoma sanamu ya matambara ya Fawkes na kuwasha fataki, na hawakuhitaji tena kuamriwa.

Malalamiko kuhusu fataki si mapya. Mnamo 1697 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza kutengeneza, kuuza na kurusha fataki, kwa sababu ya watu waliojeruhiwa na mali iliyoharibika mitaani. Haikufaulu kuizima desturi. Sheria ya Vilipuzi ya mwaka 1875 ilichukua njia nyingine: ilisimamia viwanda na maghala, na ikafanya kuwa kosa kurusha au kuwasha fataki barabarani au mahali pa hadhara. Katazo hilo la barabarani ni mojawapo ya sababu za fataki za familia kubaki nyuma ya nyumba.

Katika karne ya 20 boksi la fataki likawa bidhaa ya kawaida ya dukani kila vuli. Kampuni ya Standard, iliyoanzia Huddersfield mwaka 1891, ilikuwa miongoni mwa majina yaliyojulikana sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mioto na fataki vilikatazwa, kwa kuwa nchi nzima ilitakiwa kukaa gizani usiku ili ndege za adui zisione miji. Baada ya vita desturi ilirudi kwa nguvu. Watoto walizunguka mitaani na sanamu yao ya Guy wakiomba senti, na kwa senti hizo walinunua fataki wenyewe, kwani umri wa kuuziwa ulikuwa miaka 13 tu. Uliongezwa kuwa 16 kwa sheria ya mwaka 1976, na kuwa 18 kwa kanuni za mwaka 1997.

Kanuni hizo za 1997 ziliondoa pia madukani baadhi ya fataki zilizokuwa zikipendwa na watoto: vibaruti vya kulipuka tu, vile vya kurukaruka ardhini, maroketi madogo sana, na fataki zozote ambazo mwendo wake hautabiriki. Leo fataki nyingi zinazouzwa Uingereza hutengenezwa China, hasa katika eneo la Liuyang mkoani Hunan. Mwaka 2019 kampuni ya maduka makubwa ya Sainsbury's iliacha kuuza fataki, lakini maduka mengine mengi yanaendelea.

Jinsi fataki inavyofanya kazi

Fataki nyingi hutegemea baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa ya mti na salfa, ambao ulivumbuliwa China. Mwashaji hugusa utambi kwa moto. Utambi huungua kwa sekunde chache ili apate muda wa kuondoka, kisha moto huingia ndani. Katika fataki inayoruka kuna baruti ya kuisukuma juu, halafu utambi wa pili wa ndani, na mwishoni baruti ya kuipasua pamoja na vidonge vidogo vinavyoitwa nyota. Nyota hizo ndizo mtazamaji anazoziona zikitawanyika.

Rangi hutokana na chumvi za metali. Stronti hutoa nyekundu, bari kijani, natiri (iliyomo pia katika chumvi ya mezani) manjano, kalisi rangi ya chungwa, na shaba buluu. Alumini, magnesi na titani hutoa cheche nyeupe na za fedha. Buluu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa kiambato cha shaba kinachotoa rangi hiyo huharibika moto ukizidi. Kwa hiyo buluu iliyokolea ni dalili ya mtengenezaji stadi.

Aina zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani

Chemchemi ni mrija au pia iliyosimama ardhini na kumwaga cheche kwenda juu bila kuruka. Ndiyo inayofaa zaidi bustani ndogo. Mshumaa wa Kirumi ni mrija mrefu unaotema nyota moja moja. Gurudumu la Katarina hupigiliwa msumari kwenye nguzo na kuzunguka. Limeitwa kwa jina la Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, ambaye kwa mapokeo alihukumiwa kuteswa kwa gurudumu. Roketi hubebwa na kijiti kinachoishika njia yake.

Siku hizi inayouzwa sana ni "keki", yaani boksi lenye mirija mingi iliyounganishwa kwa utambi mmoja. Mtu huwasha mara moja, nayo hurusha milio kumi, ishirini au zaidi mfululizo. Faida yake ni kwamba mwashaji hukaribia moto mara moja tu badala ya mara ishirini. Hasara yake ni kwamba ikianguka ubavu baada ya mlio wa kwanza, milio yote iliyobaki itaelekea popote boksi lilipogeukia, pengine kwenye mlango wa jikoni walikosimama watoto.

Vijiti vya cheche vimeelezwa peke yake hapa chini, kwani watu wengi hawavihesabu kuwa fataki.

Madaraja na umbali

Kanuni zinazotumika, za mwaka 2015, zinagawa fataki katika madaraja manne. F1 ni zile ndogo kabisa, ambazo baadhi yake huwashwa hata ndani ya nyumba. Umbali wake wa usalama ni angalau mita 1. F2 zimekusudiwa maeneo ya nje yenye mipaka, yaani bustani, na umbali ni angalau mita 8. F3 zimekusudiwa maeneo makubwa ya wazi. Kisheria umbali wake ni angalau mita 15, lakini maboksi mengi ya daraja hilo nchini Uingereza huandikwa mita 25. F4 ni za wataalamu pekee, na raia wa kawaida akikutwa nayo ametenda kosa.

Neno "nje" lililoandikwa kwenye boksi huwafanya wanunuzi wadhani F3 inafaa uani. Hesabu inaonyesha vingine. Chukua bustani ya nyumba za safu, yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 5. Fataki ikiwekwa mita 2 kutoka uzio wa mwisho, watu waliosimama ukutani kwa nyumba wako mita 10 kutoka kwake. Hiyo inatosha kwa F2, ikiwa hakuna anayesogea mbele. Kwa F3 ya mita 25 haitoshi hata kidogo, na wageni wangelazimika kutazama wakiwa barabarani upande wa pili wa nyumba.

Kisha kuna jambo ambalo boksi halimwambii mnunuzi waziwazi. Umbali ulioandikwa hupimwa kwa kawaida kuelekea kwa watazamaji wako, lakini cheche hazitambui uzio. Katika bustani hiyo hiyo ya mita 5, fataki iliyowekwa katikati iko mita 2 na nusu kutoka kwa jirani wa kushoto, na vivyo hivyo wa kulia. Kama watoto wa jirani wametoka kutazama, wao ndio walio karibu kuliko wote, na hakuna aliyewapangia pa kusimama. Ndiyo maana ushauri wa kumwarifu jirani mapema si adabu tu. Jirani aliyearifiwa ataondoa nguo kambani, atamfungia paka ndani na atawaweka watoto dirishani.

Mambo mengine huupunguza umbali zaidi: matawi ya mti yaliyoning'inia juu, paa la kibanda, waya za simu, dirisha la ghorofani lililoachwa wazi. Upepo nao huhesabiwa. Watazamaji husimama upande upepo unakotoka, ili moshi na mabaki yaende mbali nao. Roketi ina tabia ya kushangaza kidogo: ikiwa bado inasukumwa na moto wake huelekea kuugeukia upepo, kisha kijiti kilichokwisha kuungua hudondoka kikipeperushwa na upepo. Upepo ukiwa mkali roketi hairushwi.

Aliyenunua boksi lisiloenea katika bustani yake ana njia mbili: kulirudisha dukani, au kulipeleka kwa rafiki mwenye shamba.

Kuandaa na kuwasha

Ushauri wa idara za zimamoto na serikali umefanana kwa miaka mingi. Fataki huwekwa katika kisanduku cha chuma chenye kifuniko, mahali pakavu, na hutolewa moja moja; kisanduku hufunikwa kila mara, kwani cheche moja ikiingia humo itawasha zote. Hazitiwi mfukoni. Maelekezo ya kila moja husomwa mchana, au usiku kwa tochi, kamwe si kwa mwanga wa kiberiti au mshumaa. Mwashaji ni mmoja, na hanywi pombe mpaka amalize. Ndoo za maji na bomba la bustani huwekwa tayari.

Kuimarisha fataki isianguke huchukua muda mrefu kuliko kuiwasha, na inafaa kufanywa kabla ya giza. Chemchemi na mshumaa wa Kirumi huzikwa karibu nusu yake kwenye udongo, au katika ndoo ya mchanga kama uani pamesakafiwa, na mshumaa hufungwa kwenye mambo. Keki huwekwa juu ya ubao au jiwe bapa, kisha hubanwa pande zote kwa matofali au mifuko ya mchanga bila kuziba midomo ya mirija. Roketi husimamishwa katika mrija uliochimbiwa ardhini, ikielekezwa mbali kidogo na watu. Chupa ya kioo, inayoonekana katika picha nyingi za zamani, haifai, maana huanguka na huweza kupasuka. Gurudumu la Katarina hujaribiwa kwa kidole kabla ya kuwashwa: lisipozunguka kwa urahisi litaungua mahali pamoja na kuiwasha nguzo.

Mwashaji hunyoosha mkono wake wote na kugusa ncha ya utambi kwa kijiti maalumu kinachoungua polepole, ambacho mara nyingi huuzwa pamoja na fataki. Hainami juu ya fataki, wala haweki kichwa au sehemu yoyote ya mwili juu ya mdomo wa mrija. Utambi ukishashika huondoka mara moja. Miwani ya kukinga macho na glavu ni gharama ndogo, lakini huku wanaozivaa nyumbani huchekwa kidogo na wageni wao.

Fataki iliyogoma

Wakati wa hatari zaidi si fataki inapolipuka bali inapokataa kulipuka. Utambi umeungua, watu wamesubiri, kimya. Watoto wanalalamika. Mwashaji anaona aibu, anarudi, anainama kuchungulia.

Utambi uliopata unyevunyevu huweza kufukuta ndani bila kuonyesha moto wala moshi, kisha ukaendelea. Baruti ya kusukuma huhitaji sehemu ndogo ya sekunde tu kufanya kazi yake, na hakuna mtu awezaye kuukwepa mrija akiwa ameinamia. Kwa hiyo kanuni inayorudiwa kuliko zote nchini Uingereza ni kwamba haikaribiwi tena fataki iliyokwisha kuwashwa. Huachwa angalau nusu saa, na zaidi kama maelekezo yake yanasema hivyo. Baadaye hulowanishwa maji mengi kutoka mbali, na kisha hutumbukizwa katika ndoo. Haiwashwi mara ya pili, haifunguliwi, na haitupwi kwenye moto wa kuni. Keki iliyonyamaza katikati hushughulikiwa vivyo hivyo, kwani mirija iliyobaki bado ina shehena yake.

Asubuhi yake bustani hukaguliwa kwa mwanga wa jua kabla ya watoto kutoka kucheza. Vijiti vya roketi na maganda ya karatasi huokotwa kwa glavu, na huwa yamesambaa mpaka kwa jirani.

Vijiti vya cheche

Kijiti cha cheche ni waya uliopakwa mchanganyiko wa metali na kemikali, unaoungua polepole huku ukitoa cheche. Hupewa watoto wachoree majina yao gizani. Kwa sababu hakilipuki huonekana kama mchezo, ilhali joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, zaidi ya mara kumi ya maji yanayochemka.

Watoto walio chini ya miaka 5 hawapewi. Mtu mzima hakishiki akiwa amembeba mtoto mchanga, kwa maana mtoto hurusha mikono ghafla. Wakubwa kidogo huvaa glavu, husimama mbali mbali, na kila mmoja hushika kimoja kwa kunyoosha mkono. Kikizimika waya hubaki na joto kali kwa muda huku ukionekana mweusi na wa kawaida, na hapo ndipo mtoto huukanyaga au kuuokota. Ndoo ya maji iwekwe karibu, na kila kijiti kitumbukizwe ncha ya moto chini mara kinapozimika.

Majeraha na huduma ya kwanza

Majeraha ya kawaida ni ya kuungua mikono na uso, na ya macho. Sehemu iliyoungua huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pete, saa na nguo zilizo karibu huvuliwa kabla ya uvimbe, isipokuwa nguo iliyoganda kwenye ngozi, ambayo huachwa ilivyo. Kisha jeraha hufunikwa kwa plastiki safi nyembamba ya jikoni, ikilazwa juu bila kukaza.

Dawa ya meno, siagi, mafuta, asali na yai, vinavyopakwa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na pia katika nyumba za wazee wa Kiingereza, hufungia joto ndani au kuleta uchafu, na daktari atalazimika kuvisugua kuviondoa. Barafu nayo huumiza ngozi. Jicho lililojeruhiwa halisuguliwi wala halikandamizwi. Mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja. Nguo zikishika moto mtu husimama, hulala chini na kubingirika. Namba ya dharura nchini Uingereza ni 999.

Sheria za muda na mahali

Sheria ya Fataki ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake za 2004, ndiyo msingi wa utaratibu wa sasa. Uingereza na Wales hairuhusiwi kuwasha fataki kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Tarehe 5 Novemba muda huongezwa hadi saa 6 usiku, na katika mkesha wa Mwaka Mpya, Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina hadi saa 7 usiku. Fataki za watu wa kawaida haziruhusiwi kupita desibeli 120. Mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuwa na fataki za wakubwa mahali pa hadhara.

Duka la kawaida lililosajiliwa huuza kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 10 Novemba, tarehe 26 hadi 31 Desemba, na siku tatu kabla ya Diwali na ya Mwaka Mpya wa Kichina. Kuuza mwaka mzima kunahitaji leseni. Chini ya Sheria ya Barabara Kuu ya 1980 ni kosa pia kuwasha fataki ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara, iwapo mpita njia ataumia, atazuiwa au atahatarishwa. Futi 50 ni kama mita 15, kwa hiyo bustani ya mbele ya nyumba nyingi imo ndani ya mpaka huo.

Scotland imekaza zaidi. Katika siku za kawaida fataki huwashwa kati ya saa 12 jioni na saa 5 usiku tu. Sheria ya mwaka 2022 inaziwezesha halmashauri kutangaza maeneo ambamo mtu haruhusiwi kuwasha fataki hata katika bustani yake mwenyewe. Edinburgh ilikuwa na maeneo hayo Novemba 2024. Katika Ireland Kaskazini, ambako fataki zilizuiwa katika miaka ya machafuko, mnunuzi lazima awe na leseni ya serikali, isipokuwa kwa vijiti vya cheche na zile za ndani ya nyumba. Nako fataki ni za Halloween kuliko za Guy Fawkes.

Wanyama na majirani

Mbwa na paka wengi huogopa milio, kwa kuwa masikio yao ni makali kuliko ya binadamu na hawana namna ya kujua kwamba kelele itakwisha. Wenye mbwa huwatembeza kabla ya giza, hufunga mapazia na kuwasha televisheni. Shirika la kutetea wanyama RSPCA limependekeza kikomo cha sauti kishushwe kutoka desibeli 120 hadi 90. Mahali panapokokwa moto wa kuni, rundo hupangwa siku ile ile au huhamishwa kabla ya kuwashwa, kwani nungunungu wadogo wa Ulaya hujificha humo wakidhani wamepata nyumba ya majira ya baridi. Petroli na mafuta ya taa havimwagwi kwenye moto huo.

Kwa binadamu wengine milio hii si sherehe. Wanajeshi waliorudi vitani, na wakimbizi waliotoka nchi zenye vita, huweza kurudishwa na mlipuko wa ghafla kwenye mambo waliyoyakimbia. Usiku wa tarehe 5 angalau hutarajiwa. Kinachosumbua zaidi ni fataki za siku nyingine, wiki kabla na wiki baada. Ndiyo maana baadhi ya maduka huuza fataki "za sauti ndogo". Hizo hazina ukimya kamili, ila huacha ule mpasuko mkubwa wa mwisho. Katika bustani ya mita 12 hakuna kinachopotea kwa kuzichagua, kwani rangi ni zile zile.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Diwali ya Uingereza ina mizizi pia Afrika Mashariki. Mji wa Leicester, ambao sherehe yake ya Diwali katika barabara ya Belgrave ni miongoni mwa kubwa zaidi nje ya India, ulipokea familia nyingi za Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, pamoja na wengine waliotoka Kenya na Tanzania. Katika mitaa hiyo msimu wa fataki za nyumbani huwa mrefu, kwa kuwa Diwali huangukia Oktoba au Novemba na hukaribiana na Usiku wa Guy Fawkes.

Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania asichukue kanuni zilizoelezwa hapa kuwa ruhusa. Katika nchi hizo fataki husimamiwa pamoja na vilipuzi, na anayetaka kuzirusha, hata katika mkesha wa Mwaka Mpya, hutakiwa kupata kibali kwanza.

Tazama pia

Baruti
Diwali
Guy Fawkes
Huduma ya kwanza
Mwaka Mpya